Udongo wa Masereka na Miji Yetu

Watu wakilalamika juu ya Butembo na Beni, wanasema sikuzote maneno yale yale: nyumba zimesongamana, mvua inakata barabara, maji safi ni kidogo, parseli moja inauzwa kwa watu wawili. Kisha wanaongeza: «Ni kosa la burgumestre», ao: «Ni kosa la watu wanaoshuka toka vijijini». Sisi tunaona kwamba maneno hayo hayafiki kwenye shina. Shida ya miji yetu haikuzaliwa mujini. Ilizaliwa juu ya milima, katika pahali kama Masereka, mbele ya wengi wetu kuzaliwa. Kwa hiyo tufuate kwanza habari ya udongo, kisha tutafahamu habari ya miji.

Masereka iko katika teritwari ya Lubero, katika inchi ya milima mirefu na baridi. Viazi vya kizungu, maharagi, ngano na mboga za namna nyingi hustawi kule. Wayira, wanaoitwa pia Wanande, walipenda milima hiyo kwa sababu ya udongo wake muzuri na afya ya watu wake. Lakini wazee wetu hawakuishi kwa mulima peke yake. Chini yao kulikuwa bonde la muto Semliki na tambarare ya ziwa Edouard. Wamoja walikaa kule chini. Wengine walishuka kutafuta samaki, na chumvi iliyotoka Katwe, ngambo ya ziwa. Mulima na bonde vilisaidiana. Mwaka wa njaa mulimani, mutu alijua njia ya kushuka.

Njia hiyo ilifungwa mara mbili. Kwanza kwa ugonjwa wa usingizi. Katika miaka ya 1920 na 1930, Serikali ya Wabelgiji iliwaondoa watu katika bonde la Semliki kusudi wasiumwe na inzi wa ugonjwa ule. Pili kwa parki. Parki Albert ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, kwanza katika inchi ya volkano na ngagi. Kisha amri za mwaka 1929 na 1935 zilipanua mipaka yake hata tambarare za ziwa na Semliki zikaingia ndani. Tangu mwaka 1969 inaitwa Parki ya Virunga, na eneo lake ni karibu kilometa za muraba 7,800. Hatusemi kwamba parki ni adui wa watu: pori lake linatunza maji na mvua yetu sisi wote. Tunasema jambo moja tu: watu walioondolewa kwa ajili ya ugonjwa walikuta kwamba, ugonjwa ulipopungua, mulango wa kurudi umekwisha fungwa. Wakabaki mulimani, wakaongezeka mulimani.

Juu ya mulima wenyewe, udongo ulianza kuwa na mabwana wawili. Kwa desturi yetu, mutu alipewa shamba na mwenye udongo, naye alimutolea muhako, ni kusema mbuzi ao mavuno, kwa kukubali kwamba udongo si mali yake peke yake. Muhako haukuwa bei ya kununua. Ulikuwa ngambo ya undugu: anayetoa muhako hawezi kufukuzwa bure, na anayeupokea anapaswa kumulinda. Lakini tangu tarehe 1 Julai 1885 sheria ya Serikali ilisema kwamba udongo usiokaliwa na mutu ni wa Serikali. Shamba lililopumuzishwa kusudi lipate nguvu tena lilionekana machoni pa wageni kama udongo wa bure. Mwaka 1928 Comité National du Kivu likaundwa, likapata uwezo wa kugawia wakoloni wazungu udongo, nao wakalima kahawa, ngano na pareto.

Wengi walifikiri kwamba uhuru utamaliza mambo hayo. Haikuwa hivyo. Sheria ya mwaka 1966 iliyoitwa Bakajika, kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973, zilisema kwamba udongo wote ni wa Serikali. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za watu wanaolima kwa desturi. Miaka mingi sana ilipita bila amri hiyo kutoka. Tangu pale mukulima ana muhako bila karatasi, na mwenye mali wa mujini anaweza kupata karatasi bila muhako. Siku wanapokutana mbele ya tribinali, tunajua ni nani anayeogopa.

Basi, wandugu, mutazame kilichofuata nyumbani kwa mukulima. Baba alikuwa na shamba moja. Akawagawia watoto wake wanaume. Hao nao wakagawa tena. Shamba likawa kama mukeka. Udongo haukupata tena mwaka wa kupumuzika. Watu wakalima miteremuko mikali ambayo wazee waliiachia miti na majani. Pahali pengine walipanda mikalitusi, kwa sababu inauzwa upesi: mujini inatakiwa kwa kujenga na kwa kuchoma matofali. Mvua ikabeba udongo. Kijana aliyebaki bila kipande cha kulima akafunga mizigo.

Wamoja walishuka upande wa magharibi na wa kaskazini, katika pori la Mangurejipa, la Oicha na la Eringeti, hata Ituri. Wengine walikwenda mujini. Butembo haukuwa muji wa kale. Kati ya vita viwili vya dunia kampani ya zahabu, Minière des Grands Lacs, iliweka kituo chake kule. Soko likafuata, na wafanya biashara Wayira wakaukuza kwa nguvu zao wenyewe. Mwaka 2003 Butembo na Beni zilipata cheo cha muji, na kila moja ikagawanyika kwa komini ine. Lakini cheo hakijengi mifereji. Sheria ya tarehe 20 Juni 1957 ilieleza namna ya kupanga miji kwa ramani. Kartie nyingi zetu zilizaliwa bila ramani. Mwenye udongo wa desturi alikata shamba lake vipande, akauza. Muji ukafuata nyuma, ukitafuta pahali pa barabara kati ya nyumba zilizokwisha jengwa. Tena, hesabu kamili ya mwisho ya watu wa inchi nzima ilifanywa mwaka 1984. Nani atapima maji na masomo kwa watu asiojua hesabu yao?

Kisha mulango wa pori nao ukafungwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritwari ya Beni yaliwafukuza watu wengi katika mashamba yao. Wale ambao baba zao walitoka mulimani kwa kukosa udongo walikimbia mara ya pili, safari hii kwa kuogopa panga, wakaingia Beni, Oicha na Butembo. Na Ebola ilipoenea katika inchi yetu, kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wakati ule kila mutu aliona ni kitu gani kuishi wengi katika nyumba moja, na kutafuta mbali maji ya kunawa mikono.

Tunapata fundisho gani? Kwanza, kwamba muji na mulima ni mwili mumoja. Mezali zetu wana wa inchi hii wanasema: mukulima ni mumoja, walaji ni wengi. Viazi na mboga za Butembo zinatoka Masereka na vilima vya jirani. Kama udongo ule ukiisha, muji utakosa chakula na utapokea wakulima wake kama wakimbizi. Yeye anayepanga barabara za Butembo bila kufikiri miteremuko ya Masereka anafanya nusu ya kazi.

Pili, kwamba watu wetu wanaweza kupanga pamoja. Katika miaka ya 1980 na 1990, Serikali ilipoacha barabara ziharibike, wafanya biashara na Kanisa, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, walikusanya nguvu kusudi barabara zipitike. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa Butembo kwa namna ile ile. Kama tuliweza kushirikiana juu ya barabara, kwa nini tusishirikiane juu ya udongo, ambao barabara inapita juu yake?

Tatu, kuna kazi iliyo karibu na mikono yetu. Padri na katekista wanaitwa mara nyingi wakati wa kesi ya mupaka. Wasikubali kuwa mashahidi wa kuuza udongo kama mujane na yatima hawakusikilizwa. Waombe mipaka iandikwe mbele ya majirani, mwenye udongo na shefu, na muhako utajwe katika karatasi ile, kusudi desturi na sheria zisipigane juu ya mugongo wa mukulima. Katika mashamba ya parokia, tuonyeshe kwanza sisi wenyewe mistari ya majani inayozuia maji juu ya muteremuko. Na katika makusanyiko ya muji, mutu asiogope kuuliza: maji ya mvua yatapita wapi mbele ya kuuza kiwanja hiki?

Wazee wetu walikuwa na mulima na bonde. Sisi tumebakiwa na mulima uliochoka na muji usiopangwa. Udongo hautaongezeka, namna ya kuugawa na kuutunza ndiyo inayoweza kubadilika, na hiyo iko katika uwezo wetu.