Pedali za Besi na Stima Zake

Kamati ya Jubilei iliponiomba niandike sehemu ya historia ya vyombo vya kwaya, nilijua wengi watataka habari za kinanda cha kwanza na za zile spika mbili zilizonunuliwa kwa harambee. Hizo mwenzangu amezieleza vizuri katika kurasa zilizotangulia. Mimi nimebaki na kona ya kushoto, nyuma ya sauti ya nne, anakosimama mpiga gitaa la besi na ubao wake ulio sakafuni wenye visanduku vya rangi rangi. (Nikisema besi humu nina maana ya gitaa. Ndugu wa sauti ya nne msinikasirikie.)

Ubao huo umetuletea ugomvi kuliko chombo kingine chochote. Mwaka huu tulikaa mkutano wa saa mbili kuhusu jambo moja: fedha zilizobaki katika mfuko wa vyombo zinunue pedali nyingine, ambayo vijana waliitaka sana, au zinunue kifaa cha kuzipa stima zile tulizo nazo? Kifaa cha stima hakiimbi, hakina taa za kupendeza, na bei yake inazidi ya pedali. Niliunga mkono kifaa cha stima, na hapa nitaeleza sababu. Itabidi nianzie mbali kidogo.

Gitaa la besi la umeme lenyewe si mzee. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza moja miaka ya 1930, lakini halikuenea. Lililoenea ni Precision Bass ya Leo Fender wa California, iliyotoka mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba chombo kirefu kuliko yeye mwenyewe, akakipiga kwa kusimama, na bado hakusikika mbele ya tarumbeta.

Pedali zilikuja kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960, huko Nashville, Grady Martin alikuwa studio akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins. Transfoma moja katika mitambo ya kurekodi ikaharibika, na sauti ya besi ikatoka ikikwaruza kama turubai linalochanwa. Wangeweza kurudia. Wakaiacha ilivyo, wimbo ukatoka 1961 na watu wakaupenda. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akaketi kutafuta namna ya kuitengeneza hitilafu ile kwa makusudi ndani ya kisanduku kidogo. Kampuni ya Gibson ikakiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wapiga gitaa hujisifu kwamba fazi ni mali yao, lakini ilianzia kwenye besi, tena kwenye mtambo mbovu. Nawaomba wapiga gitaa wetu wasome aya hii mara mbili.

Kisanduku kile kilitumia betri mbili ndogo za volti 1.5, kama za tochi. Pedali zilizofuata zikahamia betri ya volti 9, ile ya mstatili yenye vichwa viwili juu. Betri hiyo ilitengenezwa mwaka 1956 kwa ajili ya redio za transista, na kwa kuwa ilipatikana madukani kila mahali, mafundi wa pedali waliichukua. Ndiyo maana hadi leo karibu kila pedali duniani inataka volti 9. Chanzo ni redio.

Miaka ya 1970 pedali zikaongezeka. Mwaka 1972 ilitoka Mu-Tron III, inayofanya noti iseme "wau" kulingana na nguvu ya kidole, na Bootsy Collins akaifanya besi yake izungumze kama mtu. Hiyo ilitaka betri mbili za volti 9 kwa wakati mmoja. Kisha kampuni ya Boss ya Japani ikatoa mwaka 1977 zile pedali ndogo za chuma tunazozijua, zinazokanyagwa kwa kisigino kizima na bado hazivunjiki. Mwaka 1982 wakaleta OC-2, inayoongeza oktava chini ya noti unayopiga. Pembeni mwa pedali hizo kulikuwa na tundu la adapta, ambapo ncha ya ndani ni hasi na ya nje ni chanya. Adapta nyingi za redio na za vifaa vya nyumbani ziko kinyume chake. Tofauti hiyo ndogo imeunguza pedali nyingi.

Kwetu pedali ya kwanza ilikuja kama zawadi kutoka kwa rafiki wa kwaya aliyekuwa akiishi Marekani. Ilikuwa korasi, na nakumbuka mzee mmoja wa kanisa aliposikia jina hilo alisubiri ianze kuimba. Ilikuja na adapta yake. Tulinunua kichwa cha plagi cha kuibadilisha iingie katika soketi zetu, tukaichomeka, na ndani ya dakika moja tukanusa moshi. Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240, na kichwa cha plagi hubadilisha umbo tu. Adapta ikafa, pedali ikapona. Kwa miaka kadhaa tuliitumia kwa betri, na kila baada ya wiki chache ilizima katikati ya wimbo, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba waya wa gitaa ukiachwa umechomekwa, pedali huendelea kula betri usiku kucha hata kama hakuna anayepiga.

Baadaye vijana wakaanza kununua. Tukawa na korasi, fazi, oktava, kompresa, kipima nyuzi na pedali moja ya dijitali yenye sauti nyingi kuliko tulizojua kuzitumia. Zote sita zikaunganishwa kwenye adapta moja kwa waya wenye vichwa vingi, kama watoto sita wanaonyonya chupa moja. Ndipo mngurumo ukaanza.

Wale waliokuwapo wakati wa kurekodi kanda yetu wanajua ninakoelekea. Tulikuwa tumechanga kwa muda mrefu. Studio ililipwa siku mbili. Tuliposikiliza nyumbani, chini ya kila wimbo palikuwa na "mmmm" isiyokoma, na katika zile pause ambazo mwalimu alizipanga kwa uangalifu, ndiyo peke yake iliyosikika. Baya zaidi, nyimbo zenye Do ni G zilionekana zimepanda sauti kidogo, na mwalimu alilaumu sauti ya nne. Kwa wiki tatu ndugu zetu waliimba mazoezi ya ziada kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Nilichukua muda kuelewa, na sasa nalieleza kwa deni ninalowadai. Stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Adapta ya bei ya chini ikiigeuza kuwa ya betri bila kuichuja vizuri, hubaki mtetemo wa mara 100 kwa sekunde. Uzi wa G wa besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 98. Mngurumo wetu, kwa hiyo, ulikuwa noti kamili, G iliyopanda karibu theluthi moja ya nusu-toni. Waimbaji wa sauti ya nne wana masikio mazuri. Waliisikia noti ile kutoka kwenye spika nyuma yao, wakaifuata. Aliyewapotosha nilikuwa mimi na adapta yangu. Nimeliungama hili mazoezini na sasa naliweka kwa maandishi.

Kulikuwa na mlio wa pili, mwembamba kama wa mbu, ambao adapta nzuri peke yake isingeuondoa. Huo ulitoka kwenye pedali ya dijitali. Ndani yake mna saa inayopiga haraka sana, na pedali zinapotumia waya mmoja wa stima, kelele hiyo husafiri hadi kwa majirani, na kompresa ikiwapo huikuza. Dawa yake ni kifaa chenye matundu ambayo kila moja limetengwa na jingine ndani kwa transfoma, ili kila pedali ijione kana kwamba ina betri yake yenyewe. Hicho ndicho tulichobishania kwa saa mbili.

Ubishi wa mkutanoni ulikuwa wa maana, sitaudharau. Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusirudi kwenye betri, kwa kuwa betri hainung'uniki. Ni kweli, na kwa mazishi ya mashambani, ambako tunapiga kwa jenereta inayopanda na kushuka kila mtu anapowasha kitu, mimi bado nabeba betri. Lakini hesabu haikubali kwa pedali zote. Betri nzuri ya volti 9 ina akiba ya kama miliampea-saa 500. Kompresa ya kawaida inayokula miliampea 10 itakwenda nayo kwa saa 50 hivi. Pedali ya dijitali inayokula 200 itaimaliza kabla ya ibada mbili kwisha.

Mwingine akauliza kama kifaa chenye nguvu kubwa kitaunguza pedali ndogo. Hapa watu wengi hukosea. Volti ndizo lazima zilingane, na hasi na chanya vikae mahali pake. Miliampea zilizoandikwa kwenye kifaa ni kiasi anachoweza kutoa, na pedali huchukua inachohitaji tu. Ukipungukiwa ndipo shida, maana sauti hukatika katika noti nzito. Kisha kuna fazi zilizotengenezwa kwa mtindo wa zamani, wa miaka ya 1960, ambazo chanya ndiyo ardhi yao. Hizo ukiziweka kwenye waya mmoja na wenzao unafunga stima yote kwa mkato. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Nadhani hiyo ndiyo iliyoua adapta ya pili.

Mwishowe tulikubaliana kwa njia ambayo haikumfurahisha mtu yeyote kabisa: kifaa cha stima kinunuliwe, na pedali zipunguzwe. Oktava imeondoka. Uzi wetu wa chini kabisa hutetema mara 41 kwa sekunde, na nusu ya hapo spika zetu haziwezi kuitoa, zinahema tu. Fazi imeondoka kwa sababu ilimeza sauti ya chini, na kwaya ikapoteza sakafu ya kusimamia. Pedali zilizotengenezwa kwa besi huwa na kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, yetu haikuwa nacho. Pedali ya dijitali imerudi kwa mwenyewe, aliyetukopesha.

Zimebaki tatu. Kwanza kipima nyuzi, ambacho pia hunyamazisha besi wakati wa maombi. Kisha kompresa, inayofanya noti zangu dhaifu na zile za pupa zitoshane. Mwisho ni pedali ya kuandaa sauti inayokwenda moja kwa moja kwenye mikisa, ya aina iliyoenea tangu miaka ya 1990, ambayo inaweza kupokea stima ya volti 48 kupitia waya uleule wa mikrofoni. Hiyo ya mwisho ilinishinda moyo. Hata kifaa kipya kikikosa soketi, fundi wa mitambo akibonyeza kitufe kimoja kwenye mikisa, besi inaendelea. Zote tatu kwa jumla hazili miliampea 100.

Mazoezini Jumamosi iliyopita mwalimu alisimamisha kwaya katikati ya wimbo wenye Do ni G, akainua mkono, akasikiliza. Akaniuliza kama besi imewashwa. Nikampigia noti moja. Akatikisa kichwa, tukaendelea kutoka ubeti wa pili.

Korasi ile ya kwanza ipo stoo, nzima, ndani ya boksi la viatu. Anayeihitaji aione kamati, na aje na betri yake.