Sabufa ya kabatini

Sabufa ya kabatini ni sabufa, yaani spika ya sauti nzito za chini (besi), inayowekwa ndani ya kabati lililojengewa ukutani pamoja na vifaa vingine vya sinema ya nyumbani, badala ya kukaa sakafuni peke yake. Watu huiweka humo ili sebule ionekane nadhifu, ili watoto wasiguse koni ya spika, au kwa sababu chumba ni kidogo na hakuna kona iliyobaki. Sabufa nyingi, hata hivyo, zimetengenezwa kukaa mahali pa wazi. Ikifungiwa kabatini bila kuchaguliwa kwa uangalifu huvuma kwenye noti moja, hutikisa milango na vyombo vya jirani, na amplifaya yake hupata joto kupita kiasi.

Nchini Tanzania neno sabufa hutumika pia kwa seti nzima yenye boksi moja kubwa na spika ndogo mbili au zaidi. Makala hii inahusu hasa boksi la besi lenyewe; seti hizo zimeelezwa mwishoni.

Asili

Besi ya kutikisa viti ilianzia kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1974 filamu ya Marekani Earthquake ilionyeshwa kwa mfumo ulioitwa Sensurround, uliotumia spika kubwa za besi ili watazamaji wasikie tetemeko mwilini. Kuanzia miaka ya 1990 sauti ya kidijitali ya Dolby ililetea filamu njia maalumu ya besi inayofikia 120 Hz. Ndiyo namba 1 iliyo mwishoni mwa 5.1: spika tano za kawaida na njia moja ya besi. Teknolojia hiyo ilipoingia majumbani, boksi la besi likaingia nayo, na fundi seremala akaanza kuombwa alitafutie nafasi.

Kinachotokea ndani ya kabati

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la 80 Hz lina urefu wa mita 4.3, na la 20 Hz lina urefu wa mita 17. Mawimbi makubwa namna hiyo hayazuiwi na mlango wa kabati wala kumezwa na sponji ya sentimita tano. Wanaodhani kabati litaizima besi wanakosea: tatizo ni kwamba kabati huongeza besi, tena mahali pasipohitajika.

Mtu akipuliza kwenye mdomo wa chupa tupu, chupa hulia kwa sauti moja. Hewa iliyo shingoni huenda na kurudi, na hewa iliyo ndani hufanya kazi kama springi. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alichunguza jambo hili katika karne ya 19. Kabati lenye sabufa ndani ni chupa ya namna hiyo: uwazi wa mbele ndio shingo, na nafasi inayobaki kuzunguka sabufa ndiyo tumbo la chupa.

Chukua kabati lenye sentimita 60 kwa ndani kila upande, na sabufa ya sentimita 35 kila upande. Kabati lina lita 216, sabufa inachukua 43, zinabaki 173. Mlango ukifungwa na kuachwa mwanya wa sentimita 5 kwa 60 chini yake, hesabu inatoa mvumo wa karibu 54 Hz, katikati kabisa ya kazi ya sabufa. Mwanya ukipanuliwa kufikia sentimita 20, mvumo hupanda hadi karibu 75 Hz. Upande wote wa mbele ukiachwa wazi, hufika karibu 100 Hz. Hizi ni hesabu za makadirio, na umbo la kabati hubadilisha majibu kidogo, lakini mwelekeo wake haubadiliki: uwazi ukiwa mwembamba, mvumo hushuka na kuingia kwenye besi; uwazi ukiwa mpana, mvumo hupanda na kutoka.

Kwa sababu hiyo mlango wa mbao wenye matundu machache ya mapambo ni chaguo baya kuliko kutoweka mlango kabisa. Fremu yenye kitambaa chepesi cha spika huficha sabufa vilevile na haizuii hewa. Kitambaa kinachofaa ni kile ambacho mtu akikiweka mdomoni anapumua bila taabu.

Njia bora zaidi ni kuisogeza sabufa mbele hadi koni ilingane na ukingo wa kabati, kisha kuziba pengo la pembeni kwa sponji. Hapo koni inasukuma hewa ya chumba moja kwa moja, na nafasi ya nyuma haishiriki sana. Joto hutolewa kwa matundu ya nyuma au ya juu ya kabati.

Aina ya boksi

Ushauri huo wa kuisogeza mbele unafaa tu ikiwa koni iko upande wa mbele. Zipo sabufa zenye koni inayotazama chini, ubavuni au pande mbili, na hizo hupiga kuta za kabati kwa karibu.

Jambo la pili ni kama boksi limezibwa au lina bomba la hewa. Boksi lililozibwa halina tundu lolote. Hewa ya ndani huwa springi ya kuirudisha koni. Muundo huu uliletwa sokoni na Edgar Villchur wa Marekani mwaka 1954 kupitia spika iliyoitwa AR-1, na ulifanya spika ndogo ya nyumbani iweze kutoa besi ya kina. Boksi lenye bomba hutumia hewa ya bombani kusaidia koni, hivyo hutoa sauti kubwa zaidi karibu na masafa ambayo bomba limepimiwa. Chini ya masafa hayo sauti yake hupungua haraka, takriban desibeli 24 kwa kila oktava, wakati ile ya boksi lililozibwa hupungua desibeli 12.

Kwa kabati, boksi lililozibwa lenye koni mbele karibu daima ndilo linalofaa. Bomba likiwa nyuma linahitaji nafasi ya kupumua, angalau sawa na kipenyo cha bomba na ikiwezekana zaidi. Likibanwa na ukuta, upimaji wake wa kiwandani huharibika na hewa huanza kupiga mluzi. Ikiwa mnunuzi ameshapenda yenye bomba, basi bomba liwe mbele pamoja na koni.

Wanunuzi wengi hutamani boksi dogo lenye besi ya chini kabisa na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Wahandisi wana kanuni inayoitwa sheria ya chuma ya Hofmann, kwa jina la J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH: kati ya mambo hayo matatu, udogo, kina cha besi na matumizi madogo ya umeme, unapata mawili tu. Sabufa ndogo za kisasa zinazoshuka chini sana hulipia udogo wao kwa amplifaya ya wati nyingi, na wati hizo huleta joto, ambalo ndani ya kabati si jambo dogo.

Ukubwa wa koni hutajwa kwa inchi. Koni ya inchi 12 ina eneo zaidi ya mara mbili ya koni ya inchi 8. Ili kutoa sauti ileile, kila masafa yanaposhuka kwa nusu, koni hulazimika kusukuma hewa mara nne zaidi. Inchi 8 hutosha chumba kidogo na muziki wa kiasi. Kwa filamu katika sebule ya kawaida, inchi 10 iliyozibwa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Vipimo

Kipimo kinachosahaulika ni cha mdomo. Makabati mengi yana fremu mbele, hivyo mlango wa kuingilia ni mwembamba kuliko nafasi ya ndani, na sabufa inayotosha ndani hushindwa kupita. Kina kipimwe pamoja na plagi na waya zinazotokeza nyuma, si boksi peke yake. Ujazo wa lita ulioandikwa na mtengenezaji hausaidii hapa. Kinachohitajika ni urefu, upana na kina vya nje, vikiwa na miguu na wavu wa mbele.

Sabufa nyingi zina vitufe vyote nyuma. Sauti na masafa ya mgawanyo yapangwe kabla ya kuisukuma ndani, au inunuliwe yenye rimoti au programu ya simu. Kabati la chuma hudhoofisha mawimbi ya sabufa isiyotumia waya. La mbao halina shida hiyo.

Mtikisiko na joto

Sabufa hupeleka mtikisiko kwenye rafu kupitia miguu yake. Rafu ya chipubodi nyembamba hulia kama ngoma. Ubao mnene wa milimita 18 au zaidi, ulioungwa nyuma na pembeni, hutulia. Vipande vya mpira laini chini ya miguu hupunguza mtikisiko, na sabufa yenye koni mbili zinazotazamana kinyume hufuta sehemu kubwa ya msukumo wake. Glasi na sahani zihamishwe rafu nyingine. Ikiwezekana sabufa ikae chini kabisa, juu ya sakafu yenyewe, si juu ya rafu.

Amplifaya za aina ya D hupoteza umeme kidogo kuliko za aina ya AB, hivyo zinafaa zaidi kabatini. Nafasi ya kupitisha hewa inayotajwa katika kitabu cha maelekezo iheshimiwe, hasa nyuma ambako bamba la amplifaya lipo.

Mahali pa kabati

Sabufa ya sakafuni inaweza kuhamishwa hadi besi ikae sawa. Ya kabatini haihami. Chumba cha urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa kwanza karibu na 34 Hz, na anayeketi katikati ya urefu huo atausikia hafifu, hata sabufa iwe ya bei gani. Kabla ya seremala kuanza kazi, sabufa ya kuazima iwekwe mahali kabati litakapokuwa, wimbo wenye besi upigwe, na mwenye nyumba aketi kwenye kochi lake kusikiliza.

Masafa ya mgawanyo kwenye risiva kwa kawaida huwekwa 80 Hz. Yakipandishwa zaidi, sikio huanza kutambua besi inatoka upande gani, jambo linaloudhi ikiwa kabati liko pembeni. Tena mvumo wa kabati lililo wazi, ule wa karibu 100 Hz, huamshwa.

Sabufa za kujengewa ndani ya ukuta zinazouzwa Marekani zimepimwa kuingia kati ya nguzo za mbao za kuta za huko. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina kuta za tofali, hivyo huhitaji kujengewa sehemu yake maalumu.

Seti za madukani

Seti za sabufa zinazouzwa Tanzania huwa na amplifaya, redio na kioo cha namba ndani ya boksi la besi, na baadhi zina koni ubavuni na tundu la hewa mbele. Rimoti zake kwa kawaida hutumia mwanga usiopita kwenye mbao, kwa hiyo mlango huzifanya zisisikie. Zenye koni ubavuni ziachiwe nafasi upande huo, na zisiwekwe kwenye kabati lenye mlango.