Kompyuta mpya, hati za zamani: jinsi ya kutatua uhamisho wa data unaokwama

GITEGA, KIGALI – Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi ndogo za biashara na usafirishaji zimejikuta zikibadilisha kompyuta. Kununua mashine mpya ni kazi ya siku moja. Shida huanza pale hati za miaka mingi zinapotakiwa kuhama: uhamisho unasema umebaki dakika 10, saa mbili baadaye bado unasema dakika 10, kisha unakatika.

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya wafanyabiashara na wasafirishaji wa Gitega, sekta ya wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali (si Gitega ya Burundi), lakini itamfaa yeyote mwenye ofisi kati ya Mombasa na Goma. Haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji subira, na kukagua jambo moja kwa wakati mmoja.

Kilicho hatarini si kompyuta. Sheria ya Rwanda inamtaka mlipa kodi atunze vitabu na hati za hesabu kwa muda usiopungua miaka 10. Mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA) akiuliza tamko la forodha la mzigo uliopita Rusumo miaka 6 iliyopita, jibu la "lilipotea tulipobadilisha mashine" halitakusaidia. Gharama usiyoweza kuithibitisha inaweza kukataliwa, na kodi ikapanda.

KABLA YA KUANZA

Orodhesha kwanza unachohamisha: matamko ya forodha, ankara, hati za njiani za madereva, vitabu vya hesabu, barua pepe, picha za risiti. Usisahau folda ya Desktop na ile ya Downloads, maana ndiko karani huacha mambo mengi. Andika kwenye karatasi idadi ya faili na ukubwa wa kila folda. Kwenye Windows, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi kisha uchague Properties. Karatasi hiyo ndiyo manifesti yako, na mwisho wa kazi utaitumia kuhesabu mzigo uliofika.

Unganisha kompyuta zote mbili kwenye umeme na uzime mpangilio wa kulala. Uhamisho mwingi unaodaiwa kuwa na hitilafu umekatishwa na laptopu iliyolala tu. Kama una UPS, itumie.

Na jambo kubwa kuliko yote: nakili, usikate. Ukitumia amri ya kukata na umeme ukazimika katikati, utabaki na nusu huku na nusu kule, bila kujua ipi ni ipi.

PIGA HESABU YA MWENDO

Mtu hawezi kusema uhamisho ni wa polepole kabla hajajua mwendo wake wa kawaida. Watengenezaji hutangaza mwendo kwa megabiti, lakini faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hautakupa megabaiti 100. Utakupa kama 11.

Tuchukue mfano wa ofisi yenye gigabaiti 40 za hati. Kwa faili kubwa, na vifaa vikiwa vizima, tegemea takriban hivi:

- USB 1.1 (kompyuta za miaka ya 1990 mwishoni): megabaiti 1 kwa sekunde, yaani saa 11.
- Wi-Fi ya zamani aina ya 802.11g: megabaiti 2.5 kwa sekunde, zaidi ya saa 4.
- Waya wa mtandao wa megabiti 100: megabaiti 11 kwa sekunde, saa 1.
- USB 2.0: megabaiti 30 kwa sekunde, dakika 22.
- Waya wa mtandao wa gigabiti 1, au diski ya nje ya USB 3.0: megabaiti 100 hivi kwa sekunde, dakika 7.

Mwendo wa safari nzima huamuliwa na sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Lori jipya halifiki mapema kama foleni iko mizani. Vivyo hivyo diski ya USB 3.0 ikichomekwa kwenye kompyuta yenye USB 2.0, itakwenda kwa mwendo wa USB 2.0. Hapo hakuna kilichoharibika, subiri tu.

UHAMISHO UNAKWENDA, LAKINI POLEPOLE

Ukiona mwendo uko chini sana ya hesabu hiyo, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Jaribu faili moja kubwa. Kama faili moja ya gigabaiti 1 inakwenda vizuri lakini folda ya risiti inatambaa, tatizo ni wingi wa faili ndogo. Kila faili hufunguliwa, huandikishwa na kufungwa peke yake, kama kufungua kila katoni mpakani. Dawa ni kuzifungasha kwanza kuwa faili moja ya ZIP kwa kila mwaka, kisha uhamishe hizo.

2. Badilisha tundu na waya. Kwenye kompyuta ya mezani, chomeka diski nyuma badala ya mbele. Matundu ya mbele mara nyingi hupitia waya mrefu wa ndani na umeme wake ni hafifu.

3. Acha Wi-Fi, tumia waya. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, kila faili hupita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kurudi, kwa hiyo mwendo hupungua karibu nusu.

4. Kagua waya wa mtandao wenyewe. Gigabiti 1 huhitaji nyaya zote 8 za ndani. Mbili zikikatika, vifaa hushuka hadi megabiti 100 bila kukuambia.

5. Angalia programu ya kuzuia virusi, maana hukagua kila faili inayopita. Usiizime kwenye mashine iliyo kwenye intaneti. Chomoa intaneti kwanza, hamisha, kisha uiwashe na kukagua yote.

6. Sikiliza diski ya zamani. Ikigonga, au mwendo ukishuka hadi kilobaiti chache, huenda inakufa. Usianze na programu ya kurekebisha diski, kwani kazi hiyo huichosha zaidi. Nakili kwanza hati za kodi na vitabu vya hesabu, picha za sherehe zitafuata. Ikiacha kusomeka kabisa, izime na umpelekee fundi wa kuokoa data.

UHAMISHO UNAANZA, KISHA UNAKATIKA

Sababu ya kwanza ya kutazama ni muundo wa flashi. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na muundo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama nafasi iliyobaki ni gigabaiti 50. Ujumbe utakaouona ni kwamba faili ni kubwa mno. Fomati flashi iliyo tupu kwa exFAT au NTFS, au gawanya faili. Kumbuka kufomati hufuta kila kitu kilichomo.

Sababu ya pili ni majina marefu. Kwa kawaida Windows huwa na kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, majina ya folda yakiwemo. Karani aliyeweka folda ndani ya folda mara nane, kila moja na jina la mteja, atakwama hapo. Fupisha majina ya folda za juu.

Sababu ya tatu ni faili iliyo wazi. Funga programu ya barua pepe na ya hesabu kwenye kompyuta zote kabla ya kunakili.

Kwa kazi kubwa, acha kuburuta kwa mausi na utumie robocopy, iliyomo ndani ya Windows tangu Vista. Mfano:

robocopy "C:\Hati" "E:\Hati" /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Usiache /R:1 na /W:1. Bila hizo, programu hurudia faili iliyokwama mara milioni 1 na kusubiri sekunde 30 kila mara, ndiyo maana wengi hudhani imeganda. Ukiikatiza na kuianza upya, huruka faili ambazo zimeshafika.

KOMPYUTA MBILI HAZIONANI

Ukiziunganisha moja kwa moja kwa waya, kadi za mtandao za zamani sana huhitaji waya maalumu uliogeuzwa. Njia rahisi ni kuweka swichi ndogo katikati. Zipe anwani wewe mwenyewe: ya kwanza 192.168.10.1, ya pili 192.168.10.2, zote kwa 255.255.255.0.

Kama zinaonana lakini mpya inakataa kufungua folda ya zamani, usilaumu waya. Windows XP hugawana folda kwa lugha ya zamani iitwayo SMB1. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye udhaifu wa SMB1 na kufunga kompyuta duniani kote, na baadaye mwaka huo Microsoft iliacha kuiweka katika Windows 10 mpya. Mafundi wengi huirudisha ili kazi iishe haraka. Tunashauri usikubali. Kwa mashine ya XP, tumia diski ya nje, au toa diski yake na uiunganishe kwa adapta ya USB.

Kwa Windows 7 na kuendelea, mara nyingi tatizo ni folda iliyogawanywa bila nenosiri. Windows 11 ya toleo la 24H2 imekaza masharti hayo. Fungua akaunti yenye nenosiri kwenye kompyuta ya zamani na uingie kwa akaunti hiyo.

Ukitoa diski kwenye mashine ya karibuni na ikadai ufunguo wa BitLocker, unahitaji namba ya tarakimu 48. Mara nyingi hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kufungulia mashine hiyo. Itafute kabla ya kufungua bisibisi.

VITABU VYA HESABU NA EBM

Programu za hesabu hazihami kwa kunakili folda. Toa nakala rudufu kutoka ndani ya programu yenyewe, sakinisha programu hiyo kwenye kompyuta mpya, kisha urejeshe nakala. Baada ya hapo chapisha urari wa mwezi mmoja kwenye kompyuta zote mbili. Jumla zikitofautiana hata kwa faranga 1, uhamisho haujakamilika.

Kwa mfumo wa ankara wa EBM, ulioanza Rwanda mwaka 2013 kwa mashine maalumu na baadaye ukaja kama programu ya kompyuta, usibahatishe. Wasiliana na RRA kabla ya kuihamisha, na usizime kompyuta ya zamani hadi mpya itoe ankara halali.

HESABU MZIGO ULIOFIKA

Sasa chukua ile karatasi. Linganisha idadi ya faili na ukubwa, folda kwa folda. Soma mwisho wa ripoti ya robocopy. Safu ya zilizoshindwa iwe 0. Fungua faili 10 za miaka tofauti, hasa za zamani, kwa kuwa faili inaweza kuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi lakini isifunguke.

Kwa nakala rudufu ya hesabu, tumia amri hii kwenye kompyuta zote mbili:

certutil -hashfile nakala.zip SHA256

Namba ndefu itakayotokea ikiwa ileile pande zote, faili ni moja. Ikitofautiana hata herufi moja, nakili upya.

Weka nakala ya tatu kwenye diski ya nje, na diski hiyo isikae ofisini. Mwizi akibeba kompyuta hatasita kubeba na diski iliyo kando yake.

KOMPYUTA YA ZAMANI

Usiiuze wiki hiyo hiyo. Ihifadhi hadi umalize angalau kipindi kimoja cha kuwasilisha kodi kwa kutumia kompyuta mpya, maana hapo ndipo kinachokosekana hujitokeza. Ukifika wakati wa kuitoa, futa diski kwa programu ya kufuta kabisa au uivunje. Kufuta faili kwa kawaida huondoa jina tu, na yaliyomo hubaki hadi yaandikwe juu yake. Humo mna pasipoti za madereva na namba za simu za wateja, na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inakutaka uzilinde.

Ukibanwa na muda, kumbuka mambo matatu: nakili bila kukata, hesabu kilichofika, na usifute cha zamani kabla ya kufungua kipya.