Reli haikufika Meru, lakini vitabu vilifika

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Baadaye iliendelezwa kupitia Murang'a, Sagana na Karatina, ikauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi na kukomea Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Embu na Meru, zilizo upande wa pili wa mlima, zikabaki bila stesheni. Wakulima Waafrika wa wilaya hizo walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka hiyo hiyo ya 1930, na kahawa yao ilibidi ianze safari kwa barabara.

Mtoto wa Chuka, Runyenjes au Maua aliyetaka kupanda treni ilimlazimu kwanza asafiri mbali kwa barabara. Aliyetaka kuisoma alihitaji kitabu tu. Swali ni kitabu hicho kingetoka wapi.

Jibu linaanza na mwandishi wa hadithi za upelelezi. Elspeth Huxley, aliyekulia Thika, alichapisha Murder at Government House mwaka 1937 na Murder on Safari mwaka uliofuata. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, serikali za kikoloni zilimtuma achunguze mahitaji ya vitabu vya Waafrika, naye akapendekeza paundwe chombo cha kuvichapisha. Ndivyo East African Literature Bureau ilivyoanzishwa mwaka 1948. Palipokosekana maktaba, chombo hicho kilipeleka masanduku ya vitabu na kuazimisha vingine kwa posta.

Pia kiliandaa mashindano ya uandishi, na Mzanzibari Muhammed Said Abdulla akashinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo mpelelezi Bwana Msa, pamoja na kiko chake, aliingia katika fasihi ya Kiswahili, akifumbua kwa akili mauaji ambayo wengine waliyahusisha na mizimu. Kenya ilipounda shirika lake la maktaba za taifa mwaka 1965, kazi ya kusambaza vitabu ilipata mwenyewe, na Embu na Meru zikapata matawi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Barbara Kimenye alianza kuandika visa vya Moses, mwanafunzi wa shule ya bweni anayejikuta kati ya watekaji nyara, mizimu na walimu wakali. Vitabu hivyo vya Kiingereza vilisomwa na vizazi vya watoto wa Afrika Mashariki.

Hivyo hadithi za mafumbo tulizipata. Ulaya, hadithi ya fumbo na treni zilikuwa zimeshaungana zamani. Mwaka 1929 Mjerumani Erich Kästner alimpakia kijana Emil kwenye treni ya kwenda Berlin, pesa za bibi yake zikiwa zimefungwa kwa pini ndani ya koti. Emil anasinzia na kuibiwa. Watoto wa Berlin wanamsaidia kumwandama mwizi, na matundu ya pini kwenye noti yanathibitisha mwenye mali. Agatha Christie alifuata mwaka 1934 na mauaji ndani ya treni iliyokwama thelujini. Behewa huwafungia pamoja watu wasiojuana, hakuna wa kushuka kabla ya stesheni, na ratiba hugeuka ushahidi. Msomaji mdogo anajua mkosaji yumo humo humo.

Kwetu treni imeandikwa kwa uzito, ila kwa watu wazima. Katika A Grain of Wheat ya mwaka 1967, Ngũgĩ wa Thiong'o anawaonyesha vijana wakikimbilia stesheni ya Rung'ei kuitazama treni, na Gikonyo anaiacha impite ili abaki na Mumbi. M. G. Vassanji alimpa mhusika wake Vikram Lall babu aliyejenga reli na kazi katika shirika la reli, katika riwaya iliyoshinda tuzo ya Giller mwaka 2003. Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki penyewe, aliwaandikia watoto, lakini kuhusu msitu na vita vya Mau Mau.

Treni tunayo, Bwana Msa tunaye, na Moses tunaye. Bado hatujawapandisha behewa moja katika kitabu cha Kiswahili ambacho kila mtoto wa Kenya anakijua, kama watoto wa Ujerumani wanavyomjua Emil. Hilo ni pengo, na uwezo wa kuliziba upo. Tharaka, jirani ya Meru na Embu, imetupa Kithaka wa Mberia, mshairi na mwandishi wa tamthilia ya Kifo Kisimani.

Desemba 2020, baada ya miaka mingi ya ukimya, treni ya abiria ilirudi Nanyuki. Mtoto wa Meru akaweza kufika Nanyuki na kuipanda kwenda Nairobi. Waandishi wa Meru na Embu, mwandikieni hadithi ya safari hiyo. Wachapishaji, ipeni nafasi. Walimu, ikitoka, isomeni darasani.