Nafasi thelathini na mbili: droo ya Challenger na hesabu ya mwaka 1883

Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alichapisha mwaka 1883 kijitabu cha kupinga namna mashindano ya tenisi yalivyotoa zawadi. Alichukua wachezaji 32 wanaopangwa kwa kura, anayeshindwa anatoka. Aliye bora kuliko wote atatwaa ubingwa, lakini wa pili kwa ubora ana nafasi 16 tu kati ya 31 za kupata zawadi ya pili. Huenda akakutana na bingwa siku ya kwanza, na jina lake likafutwa pamoja na ya wanyonge.

Dodgson alikuwa na sababu ya kulalamika. Wimbledon ya kwanza, mwaka 1877, ilikuwa na wachezaji 22. Wakabaki 11, kisha 6, kisha 3, na katika nusu fainali William Marshall akapita bila kucheza. Fainali akafungwa na Spencer Gore. Baadaye ikaamuliwa kwamba wanaopita bila kucheza wapatikane raundi ya kwanza tu. Dawa ya kilio cha Dodgson ilichelewa zaidi: mwaka 1924 Wimbledon ilianza kuwatenganisha wachezaji wa taifa moja kwenye droo, na mwaka 1927 ikawatenganisha walio bora kwa viwango vyao.

Mashindano ya Challenger, daraja la pili la tenisi ya kulipwa ya wanaume, yalianza mwaka 1978. Droo yake ya kawaida ya mchezaji mmoja mmoja ina watu 32, idadi ile ile ya Dodgson. Mwaka 2019 ilipanuliwa hadi 48, na 16 wa juu wakaanzia raundi ya pili. Baadaye ikarudishwa 32. Leo wanane hutengwa kwa ubora: wa kwanza juu kabisa ya karatasi, wa pili chini kabisa, wengine kwa kura katika sehemu zao. Sita hutoka kwenye mchujo, na wachache hupewa mwaliko na waandaaji.

Kwa maoni yangu, ni hapa kura inapouma zaidi kuliko Wimbledon. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata pointi moja, na pointi ndizo zinazoamua kama mwezi ujao ataingia moja kwa moja au ataanzia mchujoni. Tena viwango huhesabu wiki 52 zilizopita, hivyo humchelewesha kijana anayepanda na humsahau aliyeumia. Na kijana anaweza kupanda haraka: Rafael Nadal alitwaa taji la Challenger la Barletta mwaka 2003 akiwa na miaka 16. Dodgson alidhani ubora wa kila mtu ni kitu kisichobadilika. Katika daraja hili hubadilika kila juma.

Mfano wa mabadiliko hayo ulionekana Kigali, iliyopokea Challenger kwa mara ya kwanza mwaka 2024, wiki mbili mfululizo, katika kundi la 50, ambalo bingwa hupata pointi 50. Mwaka uliofuata ilipandishwa, wiki moja kundi la 75 na nyingine la 100, na Mfaransa Valentin Royer akatwaa mataji yote mawili. Septemba ya mwaka huo huo, huko Hangzhou, China, aliingia kupitia mchujo katika mashindano ya daraja la juu na kufika fainali, ambako alifungwa na Alexander Bublik.