Taka za paa

Taka za paa ni mabaki yanayopatikana nyumba inapoezuliwa ili paa lake libadilishwe. Hujumuisha nyasi au makuti, mabati, vigae, mbao, misumari na vumbi. Namna ya kuziondoa hutegemea aina ya paa, uzito wake na njia ya kufika kwenye nyumba. Katika nchi zilizoendelea kiviwanda kazi hiyo hufanywa kwa kawaida kwa kukodi kontena la taka. Vijijini Tanzania, kama katika kata ya Kinole kwenye Milima ya Uluguru, sehemu kubwa ya paa la zamani hutumiwa tena, huuzwa au huachwa ioze. Paa la asbesto ni tofauti: halifai kutumiwa tena wala kutupwa pamoja na taka nyingine.

Kukodi kontena

Nchini Marekani, mwenye nyumba anayebadilisha paa hukodi kontena la chuma lililo wazi juu. Lori hulileta na kuliacha uani kwa siku kadhaa, kisha hulichukua likiwa limejaa. Neno "dumpster" linalotumika huko lilitokana na jina la George Dempster wa Knoxville, Tennessee, ambaye kampuni ya familia yake ilibuni katika miaka ya 1930 mfumo wa lori kuinua kontena na kumwaga taka zake.

Bei hutegemea ujazo wa kontena, siku za kukaa nalo na uzito wa taka. Vigae vya lami, ambavyo ni vya kawaida Marekani, vina uzito wa kilo 10 hadi 12 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hiyo paa la mita za mraba 200 hutoa taka za tani 2 au zaidi. Kwa sababu hiyo huchaguliwa kontena lenye kuta fupi: kontena kubwa lingefikia kikomo cha uzito kabla halijajaa.

Katika miji ya Tanzania makontena ya taka hutumika hasa kukusanyia taka za masoko na mitaa.

Hali ya Kinole

Kinole ni kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Wenyeji wengi ni Waluguru, na mazao yao ni pamoja na ndizi, matunda na viungo. Upande huo wa milima hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na sehemu zake za juu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa huchakaa haraka: nyasi huoza na mabati hushika kutu. Nyumba nyingi ziko kwenye miteremko ambako lori haliwezi kufika mlangoni.

Hata hivyo mzigo wenyewe si mkubwa. Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi na uzito wa takriban kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Paa la mita za mraba 60 hutoa kilo 150 hivi za mabati, ambazo watu huweza kuzibeba kwa safari chache.

Kila sehemu ya paa ina njia yake:
- Nyasi na makuti huoza na kuwa mbolea shambani.
- Bati zima huezekewa jiko, choo au banda la mifugo. Lililotoboka huwa uzio au ukuta wa bafu.
- Bati lililoliwa na kutu huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Chuma hicho huyeyushwa viwandani kutengeneza nondo na bidhaa nyingine.
- Mbao za kenchi na papi zilizo nzima hurudishwa kwenye ujenzi.

Hatari

Misumari iliyoachwa ardhini huweza kuchoma miguu na kusababisha pepopunda. Inafaa mafundi waikusanye kwenye ndoo kadiri wanavyoezua.

Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa hazifai kuwa kuni. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromi na arseniki, na sumu hizo hubaki kwenye moshi na majivu. Majivu ya mbao hizo hayafai kumwagwa bustanini wala karibu na chemchemi. Jambo hili ni muhimu Uluguru, kwa kuwa vijito vya mashariki ya milima huingia Mto Ruvu, unaotumika kama chanzo cha maji cha Dar es Salaam.

Paa la asbesto

Asbesto ilichanganywa na saruji kutengeneza mabati mazito ya kijivu, ambayo nchini Tanzania yaliezekwa hasa kwenye majengo ya umma na ya taasisi. Likikatwa au kuvunjwa, bati hilo hutoa nyuzi ndogo sana zinazoingia mapafuni. Nyuzi hizo husababisha saratani ya mapafu na mesothelioma, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya asbesto mwaka 2005.

Tabia ya kutumia tena kila kitu, inayofaa kwa bati la chuma, hapa huwa hatari. Kipande cha asbesto kilichowekwa kwenye banda la kuku au kusagwa kujazia barabara huendelea kutoa nyuzi. Mabati hayo hulowanishwa maji, hufunguliwa yakiwa mazima, hufungwa kwenye plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Mafundi huvaa barakoa maalumu, kwani kitambaa hakizuii nyuzi hizo.

Usimamizi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Taka hatarishi, ikiwemo asbesto, husimamiwa na mamlaka za mazingira za ngazi ya taifa. Usalama wa mafundi uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).