Ozoni Kandokando ya Mto Rhine

Njia hii inaanzia Basel, Uswisi, mahali mto Rhine unapopinda kuelekea kaskazini. Huko, mwaka 1839, mwanakemia Christian Friedrich Schönbein alikuwa akipitisha umeme kwenye maji akanusa harufu kali asiyoweza kuieleza. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba ni ya dutu mpya, akaiita ozoni. Ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, gesi isiyotulia, yenye kushambulia karibu kila inachokigusa.

Ukiteremka na mto hadi Uholanzi unafika Oudshoorn. Hapo, mwaka 1893, ozoni ilianza kutibu maji ya kunywa katika mtambo kamili, maji yenyewe yakitoka Rhine. Nice, Ufaransa, ikafuata mwaka 1906. Walichotaka wakati huo ni kuua vijidudu, na ozoni iliwaua. Lakini klorini ilikuwa nafuu, tena ikiendelea kulinda maji ndani ya mabomba, kwa hiyo miji mingi ikaichagua.

Mwaka 1974, Rotterdam ikatikisa imani hiyo kwa klorini. Johannes Rook alionyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya mimea na udongo yaliyoyeyuka majini huzaa klorofomu. Tangu hapo wataalamu wakaikazia macho kaboni ogania, yaani kaboni iliyomo katika mabaki hayo, na ozoni ikatazamwa upya.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Kwa viwango vya kawaida vya matibabu, ozoni haiiondoi kaboni hiyo. Sehemu ndogo tu hugeuka kaboni dioksidi. Kinachotokea ni kwamba molekuli kubwa za mboji, zinazoyapa maji rangi ya chai, hukatwakatwa. Rangi hufifia, lakini vipande hubaki: fomaldehaidi, asidi ya asetiki, asidi ya oksaliki na vinginevyo. Ukipima kaboni yote, utakuta jumla karibu ni ileile. Tofauti ni kwamba sasa inalika. Bakteria waliokuwa wakishindwa na molekuli kubwa wameandaliwa chakula, na maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi yanaweza kuwastawisha upya ndani ya mabomba.

Jawabu lilipatikana Mülheim, Ujerumani, kwenye mto Ruhr unaomwagia Rhine. Katika miaka ya 1970, Heinrich Sontheimer wa Karlsruhe na wenzake walitanguliza ozoni, kisha wakapitisha maji kwenye vichujio vya mkaa amilifu ambamo bakteria waliachwa waishi. Bakteria hao walikula kaboni iliyokatwakatwa kabla maji hayajaingia bombani, na mkaa wenyewe ukadumu muda mrefu zaidi. Mwaka 1982, Dick van der Kooij na wenzake Uholanzi walichapisha njia ya kukipima chakula hicho: walitia bakteria maalumu kwenye sampuli ya maji, wakaangalia wanaongezeka kiasi gani. Baadaye mikrogramu 10 za kaboni ya aina hiyo kwa lita zikawa alama ya maji yanayoweza kusambazwa bila klorini.

Kwangu, tendo la kishujaa katika historia hii ni lile la Mülheim. Baada ya miongo mingi ya kuwapiga vita bakteria, wahandisi waliwapa kazi. Kuua vijidudu ni jambo moja. Kuondoa kinachowalisha ni jingine. Mji wowote unaofikiria kununua mtambo wa ozoni hauna budi kuuliza kwanza ni kichujio gani kitakachofuata.